Mwongozo kamili wa kuifuatilia EuroBasket, kuanzia makundi hadi fainali

Mashabiki wengi wa kikapu Afrika Mashariki wamelelewa na NBA. Wanajua nani yuko Lakers na nani kahama Milwaukee, lakini ikifika mwisho wa Agosti, nyota wale wale wakavaa jezi za Slovenia, Ugiriki au Serbia, habari wanazipata kwenye vipande vya video siku ya pili. Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kuifuata EuroBasket kwa mpangilio. Mifano mingi nimeichukua kwenye mashindano ya 2025, maana yaliwaumbua karibu watabiri wote. Ushauri wangu mkuu nautanguliza: jifunze kwanza kusoma msimamo wa kundi. Majina ya nyota yatakuja yenyewe.

Hatua ya 1: Jua unachokifuata

EuroBasket ni ubingwa wa timu za taifa za Ulaya chini ya FIBA, shirikisho la kimataifa la mpira wa kikapu. Usiichanganye na EuroLeague, ambayo ni ligi ya klabu kama Real Madrid, Olympiacos na Fenerbahçe, inayochezwa msimu mzima. Wachezaji wengi utawakuta kote kuwili. Tofauti ni kwamba timu ya taifa hukusanyika wiki chache tu kabla ya mashindano. Kocha hana muda wa kufundisha mambo mengi, na kikosi kilichozoeana tangu timu za vijana kinaanza mbele ya wengine.

Mashindano ya kwanza yalifanyika Geneva mwaka 1935, na Latvia ikaifunga Hispania 24-18 kwenye fainali. Hayo ni matokeo ya mechi nzima. Siku hizi timu hufikisha pointi 24 katika robo moja. Kwa miaka mingi yalichezwa kila baada ya miaka miwili. Tangu 2017 ni kila baada ya minne, ingawa yale ya 2021 yalisogezwa hadi 2022 baada ya korona kuvuruga kalenda ya Olimpiki.

Umoja wa Kisovyeti uliubeba ubingwa mara 14, Yugoslavia mara 8, Hispania mara 4. Na yupo bingwa mmoja kutoka Afrika: Misri, mwaka 1949, mashindano yakichezwa Cairo. Miaka hiyo Misri, Lebanon na Syria zilikuwa zinashiriki. Hilo ni swali zuri la kumtegea mjuaji wa kijiweni.

Historia ya Yugoslavia inafaa kuijua kidogo, kwa sababu inaeleza joto la mechi nyingi za leo. Mwaka 1991 huko Roma, Jurij Zdovc aliiacha timu ya Yugoslavia katikati ya mashindano, kwa kuwa Slovenia, nchi yake, ilikuwa imejitangazia uhuru na mapigano yameanza. Wenzake wakatwaa ubingwa bila yeye. Miaka 26 baadaye, Istanbul, Slovenia iliifunga Serbia 93-85 kwenye fainali, Goran Dragić akipachika pointi 35. Kocha wa Slovenia siku hiyo, Igor Kokoškov, ni Mserbia. Ukiona Serbia, Slovenia, Bosnia, Croatia au Montenegro zimepangwa pamoja, iwekee alama mechi hiyo hata kama haina uzito kwenye msimamo.

Hatua ya 2: Elewa muundo, kisha chagua kundi moja

Timu ni 24, katika makundi manne ya timu sita. Kila kundi lina mji wake. Mwaka 2025 miji ilikuwa Riga (Latvia), Tampere (Ufini), Katowice (Poland) na Limassol (Cyprus), kisha waliofuzu wote wakakutana Riga. Kila timu hucheza mechi tano za kundi, nne za juu zinaingia 16 bora, na kuanzia hapo ukifungwa unafungasha virago. Bingwa hucheza mechi tisa. Zile za 2025 zilibanwa kati ya tarehe 27 Agosti na 14 Septemba, kwa hiyo miguu huchoka, na timu yenye benchi zuri huanza kuonekana robo fainali.

Jumla ni mechi 76. Huwezi kuziangalia zote na usijaribu. Chagua kundi moja ulifuate lote, mechi zake 15. Wengi huchagua kundi la timu wanayoipenda. Mimi nasema chagua lile lenye timu nne au tano zinazolingana. Kundi lenye mkubwa mmoja na wanyonge watano linachosha kufikia siku ya tatu.

Kabla mechi hazijaanza, chora kwenye karatasi njia ya mtoano. Mwaka 2025 kundi A lilikutana na B, na C na D: wa kwanza wa huku dhidi ya wa nne wa kule, wa pili dhidi ya wa tatu. Karatasi hiyo itakuonyesha kwa nini timu iliyokwishafuzu bado inapigania nafasi ya kwanza siku ya mwisho.

Hatua ya 3: Soma msimamo wa kundi

Hapa ndipo wengi hupotea, kwa sababu wanakuja na hesabu za soka.

Ushindi ni pointi 2. Kufungwa ni pointi 1. Timu isiyofika uwanjani hupata sifuri. Hakuna sare: mkitoka sawa mnaongezewa dakika tano, na tano nyingine, mpaka apatikane mshindi. Kwa hiyo timu iliyoshinda mbili na kupoteza tatu ina pointi 7, na iliyofungwa zote ina 5. Usishtuke kuona timu ya mkiani ina pointi.

Timu mbili zikilingana, kinachoangaliwa kwanza ni mechi waliyokutana wenyewe. Tofauti ya jumla ya vikapu, ambayo shabiki wa soka huikimbilia, iko chini kabisa kwenye foleni.

Chukua kundi C la 2025, Limassol. Hispania ilikuja kama bingwa mtetezi. Siku ya kwanza ikachapwa na Georgia 83-69. Kisha ikaifunga Bosnia 88-67 na kuikung'uta Cyprus kwa tofauti ya zaidi ya pointi 40. Ikafungwa na Italia 67-63. Siku ya mwisho ilihitaji kuishinda Ugiriki ili ipite, ikapoteza 90-86. Georgia nayo ilikuwa imeshinda mbili na kupoteza tatu, tena baadhi kwa vipigo vizito. Kwa hesabu ya vikapu vyote, Hispania iliiacha mbali. Lakini wote wawili walikuwa na pointi 7, na jibu lilikuwa limeshaandikwa tangu siku ya kwanza. Georgia ikapita, na Sergio Scariolo, kocha aliyeipa Hispania mataji yake yote manne, akaaga akiwa kwenye hatua ya makundi.

Kileleni mwa kundi hilo hilo, Ugiriki na Italia zilimaliza kwa kushinda mechi nne kila moja. Ugiriki ikawa ya kwanza kwa sababu iliifunga Italia walipokutana. Nafasi ya pili ikaipeleka Italia kwa Slovenia ya Luka Dončić, aliyeitwanga pointi 42 na kuitoa. Kufungwa mechi moja ya kundi kuliigharimu Italia njia nzima.

Zikilingana timu tatu, tengeneza jedwali dogo la hizo tatu peke yao: futa matokeo yote mengine, hesabu ushindi wa mechi walizokutana wao kwa wao. Zikilingana tena, ndipo unaangalia tofauti ya pointi katika mechi hizo tu, kisha pointi walizofunga humo. Tofauti ya mechi zote za kundi inakuja baada ya hapo.

Ukishalielewa hili, dakika za mwisho zinabadilika kabisa machoni pako. Timu iko nyuma pointi 9, zimebaki sekunde 30, na bado kocha anaita mapumziko na wachezaji wanacheza faulo. Mtu wa pembeni atasema wanapoteza muda. Wao wanajua kufungwa kwa pointi 4 na kufungwa kwa 9 kunaweza kuwa tofauti kati ya kubaki na kupanda ndege. Usizime hadi king'ora kilie.

Tumia daftari. Chora mraba wenye timu sita kushoto na sita juu, ujaze matokeo kila usiku. Programu za simu huonyesha msimamo, lakini nyingi hazikuonyeshi nani alimfunga nani kwa mtazamo mmoja, na hicho ndicho unachokihitaji.

Hatua ya 4: Vua miwani ya NBA

Mechi ya FIBA ni robo nne za dakika 10, jumla 40, wakati NBA ni 48. Basi usidharau matokeo madogo. Ujerumani ilishinda fainali ya 2025 kwa 88-83. Pointi 88 kwa dakika 40 ni sawa na karibu 106 kwa dakika 48.

Faulo tano zinakutoa, si sita. Hili ni kubwa kuliko linavyoonekana. Nyota akipata faulo ya pili katika robo ya kwanza, kocha humwita benchi, na ndani ya dakika hizo nne tano mechi inaweza kugeuka. Faulo ya tano ya timu katika robo humpa mpinzani mitupo huru miwili, kwa hiyo tazama ubao: timu iliyofikisha nne mapema italazimika kulinda kwa mikono mifupi.

Mstari wa pointi tatu uko mita 6.75, karibu nusu mita ndani ya ule wa NBA. Wakati huo huo, FIBA haina ile sheria inayomzuia mlinzi kukaa eneo la chini ya kikapu zaidi ya sekunde tatu. Senta mrefu anaweza kusimama pale kama mlingoti. Ukiviunganisha viwili hivyo unaelewa kwa nini kupenya ni kugumu na kwa nini timu zinapasiana sana kutafuta mtu aliye wazi pembeni. Anayelalamika kwamba kikapu cha Ulaya ni cha polepole ajiulize kwanza nafasi ya kukimbilia iko wapi.

Mpira ukishagusa pete, yeyote anaruhusiwa kuugusa, hata ukiwa bado unacheza juu yake. NBA wangepuliza. Mapumziko mafupi huombwa na kocha peke yake, si mchezaji aliyebanwa kwenye kona: mawili nusu ya kwanza ya mechi, matatu nusu ya pili, moja kwa kila muda wa nyongeza. Saa ya mashambulizi ni sekunde 24, na 14 ukiokota ribaundi ya kushambulia, yaani mpira uliotupwa na timu yako, ukagonga pete na kukosa, mkaupata tena. Mpira wa kurushwa juu katikati ni wa mwanzo tu. Baada ya hapo wakigombea mpira, mshale mezani ndio unaosema ni zamu ya nani.

Hatua ya 5: Isome orodha ya wachezaji 12

Kila timu huandikisha 12, na orodha za mwisho hutoka karibu kabisa na mechi ya kwanza. Usitabiri kabla ya hapo. Ufaransa ya 2025 haikuwa na Victor Wembanyama, aliyekuwa akitoka kwenye matatizo ya kiafya, na mtu aliyetabiri mwezi Juni alikuwa anatabiri timu nyingine.

Angalia kwanza mchezaji aliyepewa uraia. FIBA huruhusu mmoja kwa timu, na mara nyingi huwa ni Mmarekani anayeshika nafasi ya kuongoza mashambulizi. Bo McCalebb aliipeleka Makedonia nusu fainali mwaka 2011, wakiwatoa wenyeji Lithuania njiani. Lorenzo Brown alikuwa injini ya Hispania mwaka 2022. Timu ndogo ikiwa na mtu wa namna hiyo si ndogo tena.

Kisha hesabu wachezaji unaoamini wanaweza kupewa dakika 15 bila timu kuporomoka. Wakifika wanane, hiyo ni timu ya kufika mbali. Serbia ya 2025 ilikuwa na Nikola Jokić na wengi waliipa ubingwa. Bogdan Bogdanović akaumia kwenye makundi, na Ufini ya Lauri Markkanen ikawatoa 16 bora kwa 92-86. Dončić aliongoza mashindano kwa pointi, akafunga 39 kwenye robo fainali, na bado Slovenia ikalala 99-91 mbele ya Ujerumani. Kwenye mechi tisa za siku 19, mtu mmoja hatoshi, awe nani.

Ujerumani hawakuwa na bahati njema pia. Kocha wao, Álex Mumbrú, aliugua, na msaidizi wake Alan Ibrahimagić ndiye aliyeongoza benchi. Lakini kiini cha timu kilikuwa kile kile kilichotwaa Kombe la Dunia mwaka 2023, na kila mtu alijua kazi yake.

Hatua ya 6: Panga saa na mahali pa kuangalia

Habari njema ni saa. Agosti na Septemba, Ulaya ikiwa kwenye majira ya joto, Riga, Athens na Tampere zina saa sawasawa na Dar es Salaam, Nairobi na Kampala. Mechi ya 21:00 huko ni saa tatu usiku hapa. Hakuna kukesha kama kwa NBA.

Mashindano yajayo, 2029, yamepewa Hispania, Ugiriki, Slovenia na Estonia, na hatua ya mwisho itakuwa Madrid. Madrid na Ljubljana ziko saa moja nyuma yetu. Mechi ikiandikwa 20:30 ya Madrid, ni saa tatu na nusu usiku Dar na Nairobi, saa mbili na nusu Kigali, Bujumbura na Lubumbashi, saa nne na nusu Muscat. Ratiba rasmi hutumia saa za mji mwenyeji, na mashindano yenye wenyeji wanne yanaweza kukupa saa mbili tofauti siku moja. Zigeuze zote siku unapoipakua ratiba.

FIBA ina huduma yake ya kuonyesha mechi mtandaoni, Courtside 1891. Ni ya kulipia, na mechi zinazopatikana hutegemea haki za matangazo za nchi uliko, kwa hiyo hakiki kabla ya kulipa. Muhtasari wa mechi huwekwa bure YouTube. Ukiwa na bando dogo, fungua takwimu za moja kwa moja kwenye tovuti ya FIBA: zinakula data kidogo sana, na kila kikapu, faulo na mabadiliko yanaonekana papo hapo. Mechi nzima huchukua karibu saa mbili kwa saa ya ukutani. Ukiiangalia kwa simu, shusha ubora wa picha hadi 480.

Hatua ya 7: Usiku wa mechi

Robo ya kwanza usiufuate mpira. Tazama walinzi: wanamfuata mtu kwa mtu, au wanalinda eneo? Timu za taifa hupenda kubadilisha baada ya mapumziko mafupi, na dakika mbili zinazofuata ndizo zinazokuonyesha kama kocha wa upande wa pili kajiandaa.

Mapumziko ya nusu, fungua takwimu uangalie mambo matatu kwa mpangilio huu: mipira iliyopotezwa, ribaundi za kushambulia, mitupo huru. Asilimia ya pointi tatu iache mwisho, hupanda na kushuka bila adabu. Timu inayotupa vibaya lakini inashinda hayo matatu kwa kawaida bado iko ndani ya mchezo.

Wala usimtafute mfungaji bora ukadhani umeielewa mechi. Kwenye fainali ya 2025 Alperen Şengün wa Uturuki alifunga 28. Walioshangilia ni Wajerumani, waliopata pointi 20 za Isaac Bonga, kijana wa Neuwied ambaye wazazi wake wametoka Kongo, na ambaye kazi yake ya kawaida ni kumkaba mtu hatari wa upande wa pili. Pointi za mwisho za Ujerumani zilikuwa za Dennis Schröder, naye ndiye aliyechukua tuzo ya mchezaji bora wa mashindano.

Ukipata mwenza wa kuangalia naye, gawaneni: mmoja ashike daftari la faulo, mwingine la mapumziko yaliyobaki. Dakika ya 38 mtakuwa mnajua kuliko mtangazaji.

Hatua ya 8: Miaka ya katikati

Usisubiri 2029 mikono mitupu. Timu za taifa huwa na madirisha ya mechi za kufuzu, hasa Novemba na Februari. Nyota wa NBA huwa hawaji, na wa EuroLeague ni wachache, kwa hiyo utaona kikosi cha akiba kikipigania nchi. Andika majina ya wanaofanya vizuri hapo. Wawili watatu utawakuta kwenye orodha ya 12.

Mwaka 2027 kuna Kombe la Dunia Doha, ambalo kwa ndugu zetu walioko Ghuba ni nafasi ya kuziona timu hizi kwa macho bila visa ya Ulaya. Na EuroBasket ya wanawake huchezwa kila baada ya miaka miwili. Ubelgiji ilishinda 2023 na tena 2025, mara ya pili kwa 67-65 dhidi ya Hispania mjini Piraeus, baada ya kuwa nyuma kwa pointi 12 zikiwa zimebaki dakika chache. Makundi yake mwaka 2025 yalikuwa ya timu nne nne, lakini sheria za kulingana ni za namna hii hii, kwa hiyo daftari lako litaanza kazi 2027.